Nikiisoma barua ya soko mbele ya mkurugenzi, mdogo wangu ataponea wapi?

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine nikijua ipo siku na mimi nitakuandikia. Naomba unifichie jina. Mji nao tuuite tu mji wa Kanda ya Ziwa, maana huku kila mtu anamjua mwenzake na ukoo wake.

Nauza mchele na dagaa sokoni. Kizimba nilikirithi kwa shangazi yangu, na ndicho kilichosomesha wadogo zangu baada ya baba kufariki. Wa mwisho wao, ambaye hapa nitamwita Mdogo, nimemlea tangu yuko darasa la pili. Leo ni mtendaji wa mtaa, na mtaa wenyewe ndio huu wenye soko letu. Siku alipopata barua ya ajira tulilia kwa furaha, mimi na mama.

Shida ni hii. Tangu Julai kodi ya kizimba imepanda kutoka shilingi 15,000 kwa mwezi hadi 30,000. Hatukuitwa kikao. Tuliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya lango, basi. Juu ya kodi kuna ushuru wa kila siku: kijana anapita na mashine, anakukatia risiti, anaondoka. Kuna ada ya taka. Choo ni shilingi mia tatu kila ukiingia, hata kama unaumwa tumbo. Nikileta mchele wangu kutoka wilaya ya jirani, magunia sita, nalipishwa tena pale kizuizini. Hata nikinunua umeme wa nyumbani, LUKU inakata kodi ya jengo kabla sijapata uniti. Usiku nikipiga hesabu naona mtaji unapungua, na sioni nilipofuja.

Na tunapata nini? Choo kina matundu manne, mawili yamefungwa kwa waya. Mwaka huu milango ilipakwa rangi ya bluu, lakini ndani ni vilevile: bomba limekauka, ukitaka maji unachota kwenye pipa kwa kopo la rangi lililokatwa mdomo. Guba la taka linakaa hadi funza wanatambaa kwenye njia ya wauza nyanya. Mfereji wa mbele ya lango umejaa matope, na mvua ikipiga maji yanaingia hadi kwenye safu ya mitumba. Wakati huohuo mkurugenzi amepata gari jipya, madiwani wamekwenda ziara ya mafunzo mkoa wa mbali, na kule stendi limejengwa lango zuri la matofali ambalo sijasikia mtu aliyeliomba.

Sasa sikiliza. Siku moja Mdogo alikuja kula kwangu, mazungumzo yakafika kwenye choo. Akasema, kama mtu anavyoongea na dada yake, "Kile choo mbona kimetengewa milioni arobaini na mbili." Nikanyamaza, nikamwongezea ugali. Namba hiyo sijamwambia mtu hadi leo ninapokuandikia wewe.

Mwezi ujao mkurugenzi, diwani na afisa masoko wanakuja kukutana na wafanyabiashara wa soko. Kamati imenichagua mimi nisome barua ya malalamiko, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na wanajua siogopi watu. Akina mama wanataka barua iseme mambo kwa namba, wamechoka na "tunaomba mtufikirie". Vijana wa mitumba wanataka zaidi: tugome, soko zima liache kulipa hadi choo kitengenezwe. Wengine wanasema tupige picha turushe kwenye makundi ya WhatsApp tuandike "mmekula pesa zetu".

Mdogo alisikia. Akaja usiku, hata kukaa hakukaa. "Dada, nimewekewa lengo la makusanyo. Mkigoma, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Na ukiitaja ile namba, wote watajua umeitoa wapi." Kesho yake mama akanipigia: "Usimmwagie mwenzio mchanga kwenye kitumbua. Ulimsomesha ili umfukuzishe kazi?" Tangu hapo Mdogo hapiti tena kizimbani kwangu. Watoto wanauliza mjomba yuko wapi.

Mama, nikikataa kusoma, wenzangu watasema nimewauza kwa sababu ya ndugu, na yupo aliyeshaanza kuropoka hivyo. Nikisoma nusunusu nitakuwa nimewadanganya. Nikisoma yote, Mdogo ataponea wapi? Na je, tukigoma kulipa tunavunja sheria? Sikuombi uniamulie. Nisaidie kufikiri, maana kichwa kimejaa.

Mwenye kizimba, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuniamini na jambo linalogusa riziki yako na damu yako kwa pamoja.

Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri. Nimekaa upande wa wanaopokea barua kama hiyo yenu, na jioni nimerudi mtaani kununua nyanya kwa walioiandika. Kwa hiyo sitakuambia kwamba mna makelele tu, wala sitakuambia kwamba kila aliye ofisini ni mwizi.

Nikikuelewa vizuri, wenzako wamekupa sauti yao uwasemee, na katika sauti hiyo kuna kitu ulichokipata mezani kwako kutoka kwa mtu uliyemlea. Unaona mbele yako njia mbili tu: uwe mwaminifu kwa soko umpoteze Mdogo, au umlinde Mdogo na kulisaliti soko. Nataka tuziangalie njia hizo polepole, kwa sababu sina hakika kwamba ni mbili.

Kwanza, hasira yako ina haki. Waliokulia Tanzania hii wanakumbuka kodi ya kichwa, ile iliyoitwa kodi ya maendeleo, mgambo wakivizia watu alfajiri, wanaume wazima wakilala porini kwa kukosa risiti. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na kodi nyingine nyingi zilizoitwa kero, na watu walishangilia. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba halmashauri zilibaki na vyanzo vichache mno, zikazidi kutegemea fedha kutoka Serikali Kuu, na vile vichache vilivyobaki mkononi vikakamuliwa. Soko ni kimojawapo. Mwenye kizimba hahami, anafahamika anakaa wapi, na ushuru wake unakusanyika kila siku. Ndiyo maana kila bajeti inapobana, macho yanakuja kwenu. Nakueleza hivyo ili ujue mnabishana na nini. Sikuambii mkubali.

Sasa ruhusu nikuulize juu ya orodha yako. Umeyaweka malipo yote kwenye kapu moja na kuliita halmashauri. Ukisimama kuyasoma hivyo, wataalamu wao watakushika hapo hapo, na watu watatoka wakisema dada alikuwa hajui anachosema, hata kama kwenye jambo kubwa ulikuwa sahihi.

Kodi ya jengo unayokatwa kwenye LUKU haiingii kwa mkurugenzi wenu unapoilipa. Ukusanyaji wake ulihamia TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Nayo unaweza kuilalamikia, lakini kwa mbunge wako, maana viwango hivyo vilipita bungeni. Mfereji nao nenda ukauangalie tena. Kama uko kandoni mwa barabara ya mtaa, tangu 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo ina meneja wake wilayani na bajeti yake. Kama uko ndani ya uzio wa soko, hapo ni halmashauri bila ubishi. Posho za madiwani nazo zina historia: tangu 2021 Serikali Kuu ilichukua jukumu la kulipa posho ya mwezi katika halmashauri nyingi zenye mapato madogo. Ziara ya mafunzo ni swali zuri, ila uliza imelipiwa kutoka fungu gani, usianze na jibu.

Kinachobaki baada ya kuchambua hivyo ni kile ambacho halmashauri haiwezi kukikwepa: kodi ya kizimba, ushuru wa kila siku, ada ya taka na choo. Hapo ndipo ningekaa mimi. Barua fupi inayogusa manne hayo ni nzito kuliko ndefu inayogusa kila kitu hadi lango la stendi.

Na kuna moja umelipitia haraka ambalo mimi limenishtua. Magunia sita ya mchele, kama ni ya kilo mia, hayafiki tani moja. Katika bajeti ya 2017/18 Serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tafuta risiti za pale kizuizini usome zimeandika unalipia nini. Kama zimeandika ushuru wa mazao, una hoja ya kisheria iliyonyooka na haimhusu Mdogo hata kidogo. Kama hakuna risiti kabisa, basi umeshajua swali la kuuliza.

Tuje kwenye kupanda kwa kodi. Umesema mliona tangazo kwenye nguzo. Viwango vya ushuru na ada za halmashauri havitungwi na afisa masoko ofisini kwake. Vinatakiwa kusimama juu ya sheria ndogo, iliyopita Baraza la Madiwani, ikaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ikachapishwa katika Gazeti la Serikali. Kodi ya kizimba wakati mwingine husimama juu ya mkataba wa pango, ambao nao una masharti yake ya kubadilisha bei. Kwa hiyo kabla ya kusema "imepanda mno", kuna swali la utangulizi: imepanda kwa sheria ndogo ipi, au kwa kifungu kipi cha mkataba? Waombeni nakala. Inawezekana wakaitoa, na mtakuwa mmejua kwamba diwani wenu aliinua mkono kuipitisha, jambo ambalo ni halali kumuuliza mbele ya watu. Inawezekana wakakosa kuitoa. Vyovyote vile, mtakuwa mmetoka kwenye kuomba huruma.

Sasa ile milioni arobaini na mbili.

Mwanangu, nisome hapa taratibu. Mdogo alisema "kimetengewa". Mimi nimekaa kwenye vikao vya bajeti, na nakuambia fedha iliyotengwa bado haijawa fedha. Halmashauri inakisia kwamba kuanzia Julai hadi Juni itakusanya kiasi fulani cha mapato ya ndani, inagawa makisio hayo kwa miradi, kisha makusanyo yanakuja pungufu na miradi inabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo namba hiyo inaweza kuwa na maana nyingi. Huenda zilitengwa na hazijatoka hata senti, na ile rangi ya bluu ililipiwa na fungu dogo la matengenezo. Huenda zimetoka kidogo. Huenda zimetoka zote, na mlichopata ni rangi ya milango, na hilo ni jambo la kuchunguzwa. Leo, wewe na mimi, hatujui ni lipi kati ya hayo. Ukisimama ukasema "mmekula milioni arobaini na mbili" kumbe hazijatoka, utakuwa umemuumiza Mdogo kwa ajili ya tuhuma ambayo ingejibiwa kwa dakika moja.

Lakini soko lina haki ya kuijua namba hiyo, na halihitaji kuipata kwenye ugali wako. Makisio ya bajeti hupitishwa na madiwani, na vikao vya baraza huwa wazi kwa mwananchi kukaa na kusikiliza. Halmashauri, kata na mitaa hutakiwa kubandika taarifa za mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Zaidi ya hayo kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia anaandika barua kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Kamati yenu ya soko inaweza kuandika, kwa saini ya mwenyekiti wake na siyo yako, ikaomba mambo machache: soko limeingiza kiasi gani mwaka wa fedha uliopita, ukarabati wa choo ulitengewa kiasi gani, umetolewa kiasi gani, nani amefanya kazi na nani ameipokea. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo.

Unaona kinachotokea? Namba ikija kwa njia hiyo, ina mwenyewe, na mwenyewe siyo mdogo wako. Hutakuwa umeificha wala umeivujisha. Sikufichi kwamba njia hii nayo ina udhaifu wake. Sheria kuwepo na ofisi kujibu ni mambo mawili tofauti, na kuna wanaoandika wakazungushwa hadi wakachoka. Pia Mdogo anaweza kuwa na hofu kwamba hata swali lenyewe, likiuliza choo moja kwa moja, litanyooshewa kidole kwake. Kuulizia miradi yote ya soko kwa pamoja kunapunguza hilo. Ulipime wewe unayewajua watu wa hapo.

Kuna chombo kingine watu wanakisahau. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti ya serikali za mitaa, inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha inawekwa mezani bungeni na kuwa wazi kwa kila mtu. Humo halmashauri hutajwa kwa majina: makusanyo yaliyofanyika bila kupelekwa benki, miradi iliyolipwa bila kukamilika, mashine za kukusanyia mapato zilizozimwa kwa muda mrefu. Mpe kijana mwenye simu nzuri atafute jina la halmashauri yenu humo ndani. Ukisoma mbele ya mkurugenzi kitu ambacho mkaguzi wa Serikali ameshakiandika, unakuwa umesimama mahali pagumu kusukumwa.

Kuhusu mgomo, nitakueleza ninachokijua, kisha mtaamua wenyewe. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia mambo ya kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hiyo mikoa mingine ikafuata. Najua vijana wa mitumba wanautazama mfano huo. Uko tofauti na wanachokitaka wao katika jambo moja kubwa: kufunga duka lako ni kuacha kuuza, lakini kufungua, kuuza, na kukataa ushuru ni kudaiwa. Deni la ushuru linafuatiliwa kisheria, na kwa mwenye kizimba cha kukodi kuna hatari ya karibu zaidi, kwamba kizimba kinapewa mtu mwingine aliye tayari kulipa. Kariakoo bidhaa za nchi nzima zinapita pale, ndiyo maana Waziri Mkuu alikwenda. Soko lenu litavumilia siku ngapi? Nani atakayeshindwa kwanza, muuza mitumba mwenye marobota au bibi anayeuza mchicha wa siku ile ile? Kuna jambo jingine dogo lenye uzito: asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hutakiwa kwenda kwenye mikopo isiyo na riba ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Makusanyo yakianguka, na fungu hilo linaanguka, na ni lenu. Hata hivyo sisemi kwamba mgomo kamwe haufai. Nasema wanaoudai wajibu kwanza maswali haya mbele ya bibi wa mchicha, akiwepo.

Picha za WhatsApp zinanipa wasiwasi zaidi. Picha ya guba lenye funza ni ukweli mtupu, na naona mnaweza kuipiga. Maneno "mmekula pesa zetu" ni tuhuma ya jinai dhidi ya watu, na tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao inayoadhibu kusambaza taarifa za uongo. Mwenye simu ndiye atakayeitwa. Kama kweli mtapata dalili za wizi, kuna TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, simu ni bure, na sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema kwenye chombo kinachohusika. Ulinzi huo unapatikana kwa kuipeleka huko. Kwenye kundi la WhatsApp hautakufuata.

Sasa Mdogo. Nimemwacha hadi hapa, ingawa najua ndiye aliyekunyima usingizi.

Nakuomba ujiulize kama hofu yake na hofu yako ni moja. Wewe unaogopa atafukuzwa. Ukiyasoma maneno yake, yeye anaogopa vitu viwili: lengo la makusanyo na ile namba. Hakusema usisome barua. Huenda alikuwa anataka kusema hivyo, huenda hakutaka. Mama ndiye aliyeunganisha yote yakawa "umfukuzishe kazi". Namheshimu mama yako, ana mtoto mmoja mwenye mshahara wa serikali na anaona upepo unamwelekea. Lakini mtendaji kuwa na dada anayelalamikia ushuru si kosa la kazi. Kosa linaloweza kumgusa ni kutoa siri ya ofisi, na hilo liko mikononi mwako kulizuia kwa kutoigusa namba ile hadi ije kwa njia yake. Ukimwambia hivyo kwa mdomo wako, usiku, bila mama kuwa katikati, sijui atajibu nini. Pengine atapumua. Pengine atakuambia kuna mengine asiyoweza kuyasema, na hapo utajua kwamba mzigo wake ni mkubwa kuliko ulivyodhani.

Fikiria pia nafasi yake kwa upande mwingine. Mtendaji wa mtaa ni katibu wa mikutano ya mtaa wenu. Malalamiko yakipita kwenye mkutano wa wakazi, yakaandikwa kwenye muhtasari, yakapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, yeye anakuwa ametekeleza kazi yake kuyafikisha. Kwa mtu aliyebanwa katikati, kupewa karatasi rasmi ya kupeleka juu kunaweza kumfaa kuliko dada kunyamaza. Tena makusanyo yake yatapanda siku watu watakapoona choo kina maji. Sijui kama mkubwa wake kazini ni mtu wa kuliona hilo.

Na wewe mwenyewe. Umesema ukisoma nusunusu utakuwa umewadanganya wenzako. Hapo sikubaliani nawe sana. Kutosema jambo ambalo hujalithibitisha, na ambalo uliaminiwa nalo, sioni kwamba ni udanganyifu. Lakini kama moyo wako hautulii, ipo nafasi ya kusema ukweli wa aina nyingine: uwaambie kamati waziwazi kwamba mtendaji ni mdogo wako, wao wanajua, na kwa sababu hiyo kila namba itakayosomwa lazima iwe na karatasi yake. Halafu waulize kama bado wanakutaka wewe. Wakisema ndiyo, yule aliyeropoka amejibiwa na wote. Wakimchagua mwingine, wewe unaweza kuwa mwandishi wa barua na mwenzako akawa msomaji, na hakuna aliyesalitiwa. Inaweza kukuuma kidogo, maana naona ndani ya barua yako kwamba ungependa kusimama pale mwenyewe, na unastahili.

Muda wenyewe ni mfupi. Mkutano ni mwezi ujao na sheria inawapa ofisi siku 30, kwa hiyo kama kamati itaomba taarifa, barua hiyo haiwezi kusubiri mmalize kubishana kuhusu mgomo. Majibu yasipokuwa yamefika siku ya mkutano, nakala yenye muhuri inaweza kusomwa yenyewe, na mkurugenzi akaulizwa pale pale lini atajibu. Hayo ya kamati yanaweza kwenda yenyewe. La Mdogo ni lako peke yako, na mimi ningependa kujua alikujibu nini. Niandikie.